Tarehe ya Sifuri

Cēsis, mwezi Machi. Theluji inayeyuka kwa uvivu,
nami nahamisha wafu elfu kumi na tisa
pasipo koleo.

Majina tu: kipande, mstari, namba ya kaburi,
tarehe mbili na kistari katikati, ndiyo maisha.
Yote yamelala miaka kumi na minne ndani ya MySQL,
kwenye seva iliyo chini ya ngazi za manispaa,
jirani na ndoo na mafagio.

Haikutufukuza. Akufukuzaye hakwambii toka:
ilianza kuchelewa kujibu,
nakala rudufu ikagoma Jumapili mbili,
toleo likazeeka hadi likakosa tabibu.

Tukakaa kikao. Zote huria, zote bure,
hakuna mwenye duka wa kulaumiwa.
Guntars akataka MariaDB: “Ni ndugu wa damu.
Utabadili chumba, hutahama nyumba.”
Aivis akataka SQLite, faili moja,
la kutia mfukoni kama funguo,
mpaka tulipomkumbusha makarani watatu
wanaoandika kwa mpigo asubuhi ya mazishi.
Mimi nikasema Postgres. Nikaonyesha grafu.
Nilikuwa na grafu nzuri sana.

Grafu haikuonyesha haya:
ya zamani ilikuwa mpangishaji mpole.
Jina likizidi sanduku, ilikata mkia, ikanyamaza.
Ukiuliza berzins, ilikuletea Bērziņš na Berzins na BĒRZIŅŠ
kama watoto wa tumbo moja.
Hii mpya husoma kila alama juu ya kila herufi.
Mjane akiandika jina la mumewe kwa haraka
inamjibu: hayupo.
Hayupo! Na yeye ndiye aliyemzika.

Hilo lilinila siku tatu, likapona.
Kisha ikaja tarehe.

Saa saba usiku, safu ya mia nne na kumi na mbili
ikakwama mlangoni: alizaliwa 0000-00-00.
Hiyo si tarehe, ikasema mashine.
Hakuna mwezi wa sifuri. Hakuna siku ya sifuri.
Nikahesabu waliobaki nje: mia sita na themanini.

Dawa yake wanaijua wote:
geuza sifuri kuwa tupu, songa mbele, kalale.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Sijui kwa nini nilingoja kuche.

Skaidrīte, karani wa makaburi, alivua glavu,
akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha.
“Sifuri hizi si moja,” akasema.
“Wa kipande cha F ni askari. Waliokotwa
bomba la maji lilipochimbwa. Hatujui, hatutajua.
Hawa themanini ni uvivu wangu,
karatasi zao zimo kabatini.”
Akanyamaza.
“Na hawa wa kando ya ukuta ni vichanga.
Siku ya kuja ndiyo siku ya kwenda.
Sikuweza kuiandika mara mbili.”

Miaka kumi na minne mashine ile ya upole
ilimwachia aweke sifuri,
na hakuna aliyemuuliza sababu.

Tukachelewa wiki tano. Guntars hakusema “nilikwambia,”
alikoroga kahawa yake kwa namna ya kusema.
Bado kuna ripoti mbili zinazotoa jumla za ajabu,
na mchwa fulani wa msimbo anayeamka kila Alhamisi.
Ukiniuliza ipi bora, sina tena grafu.
Nitakuuliza ulificha nini kwenye ile ya kwanza.

Askari tukawaachia utupu, na neno moja pembeni: hajulikani.
Vichanga Skaidrīte alikataa nimwandikie hati
ya kuwajaza wote kwa pigo moja.
Alivuta kiti, akawaandika mmoja mmoja,
siku ile ile, mara mbili,
na kila alipobonyeza mashine ikamjibu
safu moja.
Safu moja.
Safu moja.